Nyanya mbovu hunuka, kidonge kibovu hakinuki

Mwezi wa kumi, siku zile ambazo mabati ya Lubumbashi yanawaka kama kikaango, mama mdogo alinipigia simu kwa hasira. Ana presha. Kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza amlodipine, kidonge kimoja kila asubuhi, kutoka boksi jeupe lenye mstari wa bluu. Safari hii farmasi ya jirani kule Katuba ilimpa boksi la kijani, vidonge vidogo zaidi, na bei imeshuka. "Wameniuzia feki," akasema. "Ni ya Inde hii. Na ona sasa, hata miguu imeanza kuvimba."

Nikamwambia aje nazo Jumamosi. Kabla Jumamosi haijafika, ndani ya taksibasi inayotoka Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, kwenda mjini, nikakuta mjadala ni ule ule. Tata mmoja alishikilia kwamba dawa zote zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni mbovu. Dada aliyekaa mbele alisema alama ya dawa nzuri ni bei: ukilipa kidogo, umenunua chaki. Kijana anayekusanya nauli akamaliza kwa kusema dawa ni dawa, kinachobadilika ni boksi tu. Wote watatu walikuwa wameshika mkia wa jambo. Kichwa kilikuwa bado porini.

Tuanzie sokoni. Ukienda soko la Mzee Kabila kununua nyanya, unakwenda na wakaguzi wako mwenyewe: macho, pua na vidole. Nyanya mbovu hunuka. Samaki unamfunua matamvua. Sombe, majani ya muhogo, lililolala siku mbili linajulikana kwa rangi yake. Kidonge hakikupi nafasi hiyo. Chenye dawa kamili na chenye wanga uliogandamizwa tu vinaweza kufanana kama mapacha, rangi moja, uzito mmoja, hata uchungu ule ule ulimini. Kwa hiyo yale yote yanayoitwa kanuni za usalama na ubora katika farmasi, yaani karatasi ukutani, kipimajoto, daftari, fakture (ankara ya manunuzi) na maswali ya muuzaji, yachukulie kama macho ya kuazima. Yanaona kile ambacho wewe, umesimama mbele ya kaunta na mtoto mwenye homa mgongoni, huwezi kuona.

Sasa neno "feki". Tunalitumia kwa kila kitu, na hapo ndipo fundo linapoanza. OMS, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017 ililifumua katika mafungu matatu, na mtu wa Lubumbashi anayaelewa haraka akifikiria mfuko wa unga wa kilo 25. Mfuko wa kwanza umetoka kiwandani halali, jina ni lake kweli, lakini mashine ilikosea au unga ulilowa ghalani: una kilo 20, au una ukungu. Hiyo ni dawa iliyo chini ya kiwango. Hakuna aliyekusudia kukudanganya, lakini umeumia. Mfuko wa pili una jina la kiwanda kinachopendwa, kumbe mtu ameshona mifuko yake nyumbani na kujaza anachotaka. Hiyo ndiyo dawa bandia, na uongo wake ni wa makusudi. Mfuko wa tatu ulivuka mpaka usiku kupitia njia za panya. Unga wake unaweza kuwa mzuri kabisa, ila hakuna mtu upande wetu aliyeupima wala kuuruhusu. Hiyo ni dawa isiyosajiliwa.

Kwa hiyo tata wa taksibasi alichanganya fungu la tatu na la pili. Kupita Kasumbalesa hakuifanyi dawa kuwa mbovu; sehemu kubwa ya vitu tunavyokula na kuvaa hupita hapo hapo. Swali ni kama ilipita mbele ya meza ya mkaguzi au nyuma yake.

OMS hiyo hiyo ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni ya chini ya kiwango au bandia. Isome namba hiyo kwa pande zote mbili. Moja kati ya kumi inatisha. Lakini inamaanisha pia kwamba tisa zinafaa, na anayesema "dawa zote za hapa ni feki" anawafukuza wagonjwa kutoka kwenye dawa nzuri.

Na Inde, yaani India? Hapa lazima nimtetee muuzaji wa mama mdogo. Dawa ina majina mawili. La kwanza ni la kitu chenyewe, amlodipine, na halibadiliki ukienda Kolwezi au Ubelgiji. La pili ni jina la biashara, ambalo kila kiwanda hujichagulia. Muda wa hataza ya aliyeivumbua ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza, na hizo ndizo tunaziita jenerike. Boksi, rangi na umbo vitakuwa tofauti. Kinachotakiwa kiwe sawa ni kile kinachofanya kazi mwilini, kiasi chake, na namna kinavyoingia kwenye damu. Ni kama bukari, ugali wetu: kila nyumba ina sufuria yake, lakini mahindi ni mahindi. Bei inashuka kwa kuwa anayetengeneza jenerike halipi gharama ya utafiti wa mwanzo. Tangu mwaka 2001 OMS ina mpango wa kukagua viwanda na dawa zao kabla ya mashirika makubwa kuzinunua, na dawa nyingi za malaria na za virusi vya UKIMWI zinazotumika Kongo na kupita ukaguzi huo zimetengenezwa India.

Nchi hiyo hiyo, ndiyo, ndiyo ilikotengenezwa ile siro ya kikohozi ya Gambia. Oktoba 2022 OMS ilitoa tahadhari baada ya watoto wapatao 70 kufa, figo zao zimeharibika. Ndani ya siro hizo zilikutwa diethylene glycol na ethylene glycol, vimiminika vya viwandani, vitamu, ambavyo huweza kuingia pale kiwanda kinaponunua malighafi bila kuipima. Sumu hiyo si mpya. Mwaka 1937 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa dawa iliyoyeyushwa ndani ya diethylene glycol, na kilio hicho ndicho kilichowalazimisha mwaka uliofuata kutunga sheria ya kuthibitisha usalama wa dawa kabla haijauzwa. Ukitafuta chimbuko la kanuni za dawa, mara nyingi utafika kaburini kwa mtoto.

Sisi tuna la kwetu. Kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi katikati ya 2015, mkoani Ituri, watu kwa mamia walifika hospitali shingo zimejikunja, uso na ulimi vimekakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa ni uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza, na maabara ilipovifungua ikakuta haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, miligramu 10 hadi 20 kwa kidonge. Vilionekana safi. Hakuna jicho la muuguzi wala la mama ambalo lingevijua kwa kuvitazama.

Basi nani anavijua? Hapa ndipo karatasi zinapopata maana. Kila boksi la dawa lina namba ya loti. Fikiria mwokaji mikate: akiona tanuru la saa kumi usiku lilipata mchanga, hana haja ya kutupa mikate ya wiki nzima, anaita ya tanuru lile tu. Loti ni tanuru. Tahadhari ikitoka, inataja jina la dawa na namba ya loti. Farmasi inayonunua kwa depo inayojulikana, kwa fakture, inafungua daftari na kusema: tulipata maboksi sita, manne yako rafuni, mawili yametoka. Farmasi iliyonunua kwa mtu aliyepita na begi saa mbili usiku haina cha kufungua.

Kimsingi mlolongo uko hivi. Dawa inapaswa kupata ruhusa ya kuuzwa nchini, ile ambayo watu wa kazi wanaiita AMM, kutoka ACOREP, mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Kongo, iliyochukua nafasi ya ofisi tuliyoizoea kwa jina la DPM. Farmasi nayo inapaswa kuwa na kibali chake na mfamasia anayewajibika kwa jina. Sheria haikosekani: ordonansi ya kazi ya farmasi ni ya tarehe 15 Machi 1933, enzi za Wabelgiji, na sheria ya misingi ya afya ya umma, namba 18/035, ni ya tarehe 13 Desemba 2018. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha sayansi ya dawa. Kinachopungua ni njia kati ya maandishi hayo na kibanda cha pembeni ambako mpwa wa mwenye duka, kijana mwema aliyemaliza sekondari, anavaa koti jeupe na sisi wote tunamwita "docta". Simlaumu yeye. Lakini koti si diploma, na kuuliza "mfamasia yuko?" si matusi.

Tuseme dawa imetoka kiwanda kizuri, imepita mpaka kihalali, ina loti na fakture. Bado inaweza kufia rafuni. Hili watu wengi hulisahau, na kwangu ndilo kubwa kuliko bandia. Tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye boksi ni ahadi ya kiwanda, na ahadi hiyo ina sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo: weka chini ya digrii 30, au 25, mbali na jua na unyevu. Ukivunja sharti, tarehe haikulindi. Wanaobishana kama dawa iliyopitiliza mwezi mmoja ni sumu wangeuliza kwanza ile yenye miaka miwili mbele imekaa wapi Oktoba yote.

Ingia farmasi ndogo saa nane mchana mwezi huo. Kama juu hakuna dari, chini ya mabati mwenyewe unatoka jasho. Dawa nayo inatoka jasho lake, ila halionekani. Maboksi yaliyopangwa kwenye kioo cha mbele ili yavutie wapita njia yanapigwa na jua tangu asubuhi. Wachuuzi wanaotembeza beseni la dawa sokoni, hao sina la kuongeza. Farmasi inayojiheshimu ina dari, hewa inapita, maboksi hayagusi sakafu wala ukuta, na kuna kipimajoto kidogo kimening'inia na karatasi inayojazwa asubuhi na jioni. Kipimajoto chenyewe ni rahisi. Kazi ni kuandika kila siku, hata siku ambayo namba inakuaibisha.

Dawa nyingine ni dhaifu zaidi: insulini, chanjo, na oxytocin inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Hizi zinataka digrii 2 hadi 8. Hapo SNEL, shirika letu la umeme, inaingia kwenye hadithi, maana kuran ikikatika tangu alfajiri, friji inageuka kabati. Muuzaji anayejua kazi haifungui ovyo, ana jenereta au sola au vipande vya barafu, na havigusishi na insulini, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika kama iliyochemka. Na ukiona kwenye friji hiyo hiyo soda za wafanyakazi, jua mlango unafunguliwa mara hamsini kwa siku. Oxytocin iliyopoteza nguvu kwa joto inabaki maji masafi yasiyo na rangi, kama zamani. Mkunga ataichoma, atasubiri tumbo likaze, na damu itaendelea.

Kuna jambo moja la kwetu sana ambalo vitabu vya wageni havilijui vizuri: mkasi. Watu hatuna makuta ya kununua boksi zima, kwa hiyo tunanunua vidonge vinne, sita, na muuzaji anakata plaketi, ile bamba jembamba linaloshika vidonge. Sioni aibu katika hilo. Tatizo ni kwamba tarehe na loti kwa kawaida zimepigwa upande mmoja tu wa plaketi. Mkasi ukianzia upande huo, vilivyobaki havina umri wala ukoo, na miezi mitatu baadaye hata muuzaji mwenyewe hajui anachouza. Mwenye nidhamu hukata kutoka upande wa pili, mwisho wenye tarehe hubaki hadi mteja wa mwisho, na juu ya bahasha anaandika jina la dawa, miligramu, tarehe ya mwisho na namna ya kumeza. Ukipewa vidonge ndani ya kipande cha daftari la shule kisicho na neno hata moja, omba kalamu. Mimi huomba. Wengine hununa, lakini huandika.

Vidonge vya chupa kubwa, vile vya elfu moja, vina mtego wao. Vinapaswa kuhesabiwa kwa sahani na kijiko safi. Kiganja kina jasho, na unga wa penisilini unaobaki kwenye sahani isiyopanguswa unaweza kumletea balaa mteja anayefuata ambaye mwili wake unaikataa penisilini, ilhali yeye alifuata parasetamoli tu.

Nimeweka mwisho makosa ya kutoa dawa, ingawa pengine ndiyo yanayotuumiza mara nyingi zaidi. Dawa nzuri, iliyotunzwa vizuri, mkononi mwa mtu asiyeihitaji au kwa kiasi kisicho chake. Chukua artemether na lumefantrine, dawa ya malaria. Kuna kidonge cha 20/120, yaani miligramu 20 za ya kwanza na 120 za ya pili, ambacho mtu mzima humeza vinne kwa mara moja, na kuna cha 80/480, ambacho humeza kimoja. Anayekariri "vinne asubuhi, vinne jioni" bila kusoma boksi atameza mara nne ya kipimo chake. Parasetamoli ya siro nayo ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5 na ipo ya 250, maboksi yake yanafanana. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 10, basi, anatosheka na mililita 5 za ile ya kwanza, au nusu yake kwa ya pili. Na mililita 5 hazipimwi na kijiko cha jikoni. Vijiko vyetu havikubaliani hata ndani ya nyumba moja. Kuna kikombe kidogo chenye mistari ndani ya boksi, kisipokuwemo, kiulizie.

Antibiotiki kwa mafua nitaipitia haraka, imeshasemwa sana: mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ninalotaka kuongeza ni uhusiano wake na dawa dhaifu. Kipimo pungufu, kiwe kimepunguzwa na kiwanda, na jua, au na mfuko wa mteja aliyenunua cha siku mbili, kinafanya kazi moja: kinapeleka wachezaji watano uwanjani dhidi ya kumi na mmoja. Vijidudu havifi, vinapata mazoezi. Kwa majirani zetu Rwanda, Uganda na Tanzania tayari vimethibitishwa vimelea vya malaria vinavyoanza kuizoea artemisinini, ukoo wa dawa ambamo artemether hutoka. Vimelea havisimami kuonyesha paspoti.

Na unaweza kujikagulia mwenyewe kiasi gani? Boksi lililofunguliwa, herufi zilizokosewa, tarehe iliyofutwa na kupigwa tena, loti ya boksi isiyolingana na ya plaketi, kidonge kilichobadilika rangi au kuvunjika unga: rudisha. Lakini usijidanganye, jicho hukamata mwizi mzembe tu. Bandia la Ituri halikukamatwa hivyo. Kuna masanduku ya maabara ya kubebwa mkononi, yaliyobuniwa Ujerumani, yanayoweza kugundua dawa isiyo na kitu ndani. Wataalamu huyeyusha kidonge, hudondosha tone kwenye kipande maalumu na kukisimamisha ndani ya kimiminika. Doa linapanda, kama wino kwenye karatasi iliyolowa, na likifika palipo tofauti na doa la dawa halali, maneno yamekwisha. Kazi hiyo si ya kaunta.

Ya kaunta ni maswali. Kwa muda mrefu nilidhani farmasi nzuri ni ile inayokuhudumia haraka. Sasa nikiweka pesa na kupewa dawa bila kuulizwa neno, nasita. Ni ya nani? Ana kilo ngapi? Ana mimba, ananyonyesha? Anameza nini kingine? Maswali manne, dakika mbili, watu watatu nyuma yako wanaguna.

Jumamosi mama mdogo alikuja na maboksi yote ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda naye farmasi nyingine, ya mama mmoja wa makamo ambaye diploma yake imening'inia nyuma ya kaunta, imefifia. Akaweka boksi jeupe na la kijani ubavuni kwa ubavu. Amlodipine 5 mg, na amlodipine 5 mg. Akasoma loti, akasoma tarehe, akabonyeza plaketi. Hakusema feki, hakusema si feki. Akatazama miguu, akauliza:

"Mama, hii ya kijani umeanza lini?"

"Wiki mbili."

"Na hii nyeupe, naona plaketi imebaki nusu. Uliiacha siku gani?"

Mama mdogo akanitazama mimi kwanza, kisha yeye. Hakuwa ameiacha. Nyeupe alimeza asubuhi kama kawaida, na ya kijani jioni, kwa kuwa hakuiamini na hakutaka kuitupa, amekwisha kuilipia.

Yule mama hakucheka. Alieleza kwamba dawa hiyo ikizidi huvimbisha vifundo vya miguu, akampima presha, akaandika namba kwenye karatasi apeleke kwa daktari Jumatatu, kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya maboksi yote mawili neno moja: KIMOJA.